Sahani Mia Mbili Themanini na Sita

Mwaka jana, siku ya wazazi, wali uliisha kwenye safu ya sita. Najua ni ya sita kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikipakua, na tuliposogeza sufuria mbele ya safu ya saba nikakuta chini kumebaki ukoko mweusi tu. Safu ya saba, ya nane na ya tisa walikuwa wameshanawa. Wakakaa vivyo hivyo, mikono juu ya magoti, ikikaushwa na upepo wa ziwa, wakituangalia mimi na sufuria yangu. Mwalimu mkuu akainuka na kutangaza kwamba walio nyuma watapata soda. Soda nazo zikaisha kwenye safu ya nane.

Katika ile safu ya saba alikuwa bibi mmoja mwembamba, kitambaa cha buluu kichwani. Tulikuwa tumeshampa sahani ya shule. Akanirudishia ile sahani tupu kwa mikono miwili, kama mtu aliyekula vizuri, akasema, "Nimeshiba, mwalimu. Erokamano, asante." Kisha akashuka kilima na kutoka getini, hakungoja hotuba. Afadhali angenitukana. Sikumjua ni nani, na kwa aibu sikumuuliza mtu.

Mimi hufundisha hesabu. Shule yetu ni ya kutwa, iko kilimani kando ya ziwa, mwendo mfupi kutoka Kisumu ukielekea Bondo. Kutoka darasa la Kidato cha Tatu unaona maji, magugu maji na mashua za wavuvi, na hilo ni tatizo kubwa kwa mwalimu. Mimi natoka milimani, upande wa Vihiga, ambako mtoto akitazama dirishani huona migomba tu, anachoka, anarudi kwenye kitabu chake. Huku mtoto akitazama dirishani unaweza kumpoteza mpaka kengele ilie.

Niseme mapema pia kwamba nina hasira za karibu. Wanafunzi wangu wanalijua hilo na wamelichunguza kitaalamu. Mmoja wao aliwahi kunipima kwa saa yake ya mkononi kwa muhula mzima, akawaambia wenzake kwamba hasira zangu huchukua dakika nne kwa wastani, halafu akachora grafu. Nilimkasirikia sana. Dakika nne baadaye nikamsifu kwa sababu grafu ilikuwa safi, na mihimili yote miwili alikuwa ameiandika majina.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana tuna vipindi viwili mfululizo, navyo nilivifanya kuwa vya hesabu za maisha. Tunatoka nje. Tumepima tangi la maji kwa kamba na kukadiria litatosha siku ngapi mvua ikikawia. Tumepima paa la chumba cha walimu kwa kivuli chake. Tumekaa kwenye bomba tukipima mtungi wa lita ishirini unajaa kwa muda gani, halafu tukaelewa kwa nini mama zao hawarudi nyumbani mapema. Sitadanganya kwamba wote wanapenda hesabu siku hiyo. Wengi wanapenda kutoka nje. Lakini ukishamtoa mtu nje na kamba mkononi, lazima apime kitu.

Mwaka huu, kwenye kikao cha kupanga siku ya wazazi, mwalimu mkuu alisema chakula cha wageni hukadiriwa, na kwamba mwaka jana tulikadiria vibaya kidogo. Mdomo wangu ukatangulia.

"Kukadiria si kuhesabu," nikasema. "Ndiyo maana watu walikula upepo."

Walimu wakacheka. Mwalimu mkuu hakucheka. Alikuwa haridhiki siku nyingi na vile vipindi vyangu vya Ijumaa, maana watoto walikuwa wanarudi na matope badala ya mitihani ya marudio.

"Basi hesabu wewe na darasa lako," akasema. "Wali ukifika safu ya mwisho, endeleeni kutembea na kamba zenu. Usipofika, Ijumaa tunarudi kwenye mitihani."

Nikasema sawa, kana kwamba ni jambo dogo.

Ijumaa iliyofuata nikawaeleza Kidato cha Tatu. Wakashangilia, hasa waliposikia kwamba kazi itafika mpaka jikoni. Nikawapa kazi ya nyumbani iliyokuwa nyepesi mno machoni pangu: kila mwanafunzi, pamoja na wadogo zake na majirani wanaosoma hapa, aulize nyumbani watakuja watu wangapi, aandike idadi, alete Jumatatu. Tungejumlisha, basi.

Jumatatu nikapata maajabu. Karatasi moja ilisema "tutakuja". Nyingine, "Mungu akipenda". Nyingine, "wa kutosha". Kumi na moja zilisema "mmoja", hata kutoka nyumba ambayo mimi mwenyewe najua ina mama, baba, shangazi wawili na babu anayependa sherehe. Baba mmoja alinipigia simu saa mbili asubuhi.

"Madam, unataka kujua watu ya kwangu ni ngapi," akasema. "Kwani kuna nini?"

Nikaingia darasani nimefura. Nikawaambia kwamba swali la ngapi ndilo swali la kwanza kabisa katika hesabu, kwamba mtoto wa chekechea hulijibu, kwamba kama watu wazima wa kijiji kizima hawawezi kusema watakuwa wangapi mezani, basi tuchukue kamba zetu tukafungie mbuzi. Nikaona yule mwenye saa akiinua mkono wake kuangalia dakika. Nikanyamaza.

Ndipo msichana aliyekaa karibu na mlango akasema, kwa sauti ya chini, "Madam, watu hawahesabiwi."

Huyu msichana nimweleze. Alikaa karibu na mlango ili awe wa kwanza kutoka, na katika mtihani wa muhula uliopita alikuwa amepata kumi na mbili juu ya mia. Hakuwa mtundu. Alikuwa ameamua tu kwamba hesabu ni ya watu wengine, kama vile viatu vya mtu mwingine. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea katika kipindi changu bila kuulizwa.

"Hawahesabiwi kwa nini?"

"Dani anasema ukihesabu watu, unaita kitu ije ipunguze." Dani ni bibi kwa Kijaluo, ndiye aliyekuwa akimlea. "Aliniuliza, mwalimu wako anataka kuhesabu watu kama kuku?"

Darasa lilicheka, lakini kile kicheko cha kukubali. Nikaangalia nyuso zao nikaona kwamba walijua tangu Ijumaa, wote, na walikuwa wameenda kuuliza kwa sababu mwalimu amesema, wakijua vizuri watakachojibiwa.

Nikakaa juu ya meza. Nilikuwa nimemkumbuka bibi yangu mimi, kule milimani. Mtu akimuuliza ana wajukuu wangapi, alikuwa anajibu, "Wanatosha kuchota maji." Nimesoma, nimehitimu, nimefundisha miaka mingi, na nilikuwa nimesahau nyumbani kwetu. Nikawaambia wanafunzi hivyo hivyo. Walifurahi kupita kiasi kusikia kwamba na sisi Waluhya tuna mambo yetu.

"Sasa bibi yako," nikamuuliza yule msichana, "mgeni akija na watu, anajuaje apike kiasi gani?"

"Anahesabu sahani," akasema, kama mtu anayeulizwa maji hutoka wapi.

Akaeleza, mwanzoni kwa woga, halafu kwa kiburi kidogo. Bibi yake ndiye mpishi wa shughuli kwa vijiji vitatu, harusi na matanga. Kabla ya shughuli, anatuma neno kila nyumba ilete sahani zake, moja kwa kila atakayekula. Sahani huwekwa alama chini, kwa rangi ya kucha au rangi ya mlango, ili zisipotee. Bibi huzipanga, anazihesabu mara mbili, na anapika. Hakuna mtu aliyehesabiwa. Na haijawahi kutokea, akasema, mtu akaondoka kwa bibi yake na njaa.

Nikamwambia aandike njia hiyo ubaoni. Akasimama mbele na chaki, akaandika hatua nne, na hatua ya tatu ilikuwa "hesabu mara mbili".

Sahani zilianza kuja Jumatano. Zilikuja kwenye mifuko, kwenye makapu, juu ya vichwa vya dada wadogo. Kufikia Alhamisi jioni maabara ilikuwa imejaa. Na hapo likatokea jambo ambalo bibi hakulitaja. Habari ilikuwa imeenea kwamba sahani utakayotuma ndiyo utakayopakuliwa, na watu walikuwa hawajasahau ya mwaka jana. Kila nyumba ilikuwa imetuma sahani kubwa kuliko zote. Zilikuja sinia za pilau. Kuna mtu alileta bakuli la kukandia unga. Familia moja ilileta beseni la plastiki la waridi, na chini yake, kwa rangi ya kucha, alama ya nyumba imechorwa vizuri kabisa.

"Hii ni ya kuogeshea mtoto," mwanafunzi mmoja akanong'ona.

Nilianza kukasirika, halafu nikaona tumeletewa somo mpaka mlangoni. Tukapima. Sahani ndogo ilikuwa sentimita ishirini kutoka ukingo mpaka ukingo, na sinia sentimita arobaini. Nikawauliza sinia itachukua wali mara ngapi ya sahani. Darasa zima, kwa sauti moja: mara mbili. Nikawapa kokoto wafunike sahani ndogo kwa tabaka moja, halafu wazihamishie kwenye sinia. Kokoto zikachukua robo ya sinia. Wakajaza tena, na tena, na tena, mara nne. Miaka mitatu nilikuwa nikiwafundisha eneo la duara kwa kipenyo chake, na sikuwahi kuona macho kama yale. "Kumbe mchele unaibwa hivyo," mmoja akasema, akimfikiria mtu fulani sokoni.

Tukaamua kwamba sahani zitatuambia idadi tu, na wali utapakuliwa kwa kikombe kimoja cha bati, kilichojaa mpaka ukingoni, awe mtu ameleta kisahani au beseni. Wakahesabu. Wakahesabu mara ya pili, kama bibi alivyofundisha. Sahani mia mbili themanini na sita.

Ijumaa tukaingia jikoni. Mpishi wetu ni mama mwenye mabega mapana, ambaye hatujui kama anatupenda au anatuvumilia. Mchele ulikuwepo, magunia mawili mazuri kutoka mashamba ya Ahero yaliyoletwa na mzazi mmoja anayelima huko. Wageni wangekula wali, maana siku za kawaida huku ni kuon, ugali, na mtu havai suti kwenda kula kuon ya shule. Wanafunzi wangekula mahindi na maharagwe yao kama kawaida. Mchuzi tulimwachia mpishi. Mchuzi ukipungua huongezwa maji, lakini wali hauna ujanja huo.

Tulipika gorogoro moja ya mchele, lile kopo la kilo mbili linalotumika sokoni, tukapakua kwa kikombe. Vikombe ishirini na kimoja. Tukapika ya pili, ishirini na tatu. Ya tatu, ishirini na mbili. Tukala ushahidi wote. Wastani, ishirini na mbili, hata yule wa saa hakuhitaji kalamu.

Wakati wengine wanakula, yule msichana alikuwa amebaki akikwangua sufuria. Nikamwambia kwamba bibi yake ametuokoa, na kwamba siku ya wazazi nitamsimamisha mbele ya watu nimshukuru.

"Hatakuja, Madam," akasema.

"Kwa nini?"

Akaendelea kukwangua. "Mwaka jana alikuja. Alikaa safu ya saba. Alikuwa na kitambaa ya blue."

Kijiko nilichokuwa nacho nikakiweka chini.

"Kwenye zile sahani yake haiko," akasema. "Nilimwomba, akakataa. Alisema alishapewa sahani hapa, na ilikuwa tupu. Anasema amelisha watu maisha yake yote na hajawahi kumrudisha mtu hivyo." Halafu akasema, bado anaangalia sufuria, "Mimi ndiyo nilimwambia mwaka jana aje. Alitembea kutoka nyumbani. Nilimwambia kutakuwa na wali."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyemwaibisha bibi yake, lakini alikuwa anajua, alikuwa ameniona. Toka hapo sikujali tena sana vipindi vyangu vya Ijumaa. Nilitaka yule bibi arudi, akae, ale.

Jumatatu nikawapa swali la mwisho, kila mtu kwenye daftari lake: tunahitaji gorogoro ngapi? Mia mbili themanini na sita gawa kwa ishirini na mbili ni kumi na tatu kamili, bila baki. Sikupanga hivyo, na nilifurahi kama mtu aliyeokota almasi. Ni nadra sana maisha kukupa jibu lisilo na desimali. Nikasahihisha madaftari nikiimba.

Nikafika kwenye daftari la msichana wa mlangoni. Alikuwa ameandika mia mbili themanini na saba. Gawa kwa ishirini na mbili, kumi na tatu, baki moja. Kwa hiyo gorogoro kumi na nne. Kazi yote ilikuwa sahihi isipokuwa hiyo namba ya kwanza. Nikazungushia ile saba kwa kalamu nyekundu. Nikaandika pembeni, "286! Soma swali. Jibu 13." Nikampa nane juu ya kumi, na nikamwita.

"Hii moja umeitoa wapi?"

"Iko, Madam."

"Iko wapi? Mmehesabu mara mbili."

"Iko tu."

Zikaja dakika zangu nne. Nikamwambia kwamba hesabu haina "iko tu", kwamba kwa ajili ya hiyo moja isiyojulikana ilikotoka anataka tupike gorogoro nzima. Akasikiliza akiangalia viatu vyake. Akachukua daftari, akarudi mlangoni, na hakufuta kitu.

Siku ya wazazi ilifika na jua la kutosha. Asubuhi mapema nilimwambia mwanafunzi aliye karibu na mlango ampelekee mpishi hesabu ya mchele, kisha nikaenda kuhangaika na viti. Viti vilikuwa safu tisa. Nilivihesabu mimi mwenyewe. Viti havina neno.

Wageni wakaja, na hawakuja wale wa sahani peke yao. Chifu alikuja na watu wawili. Baba mmoja, anayefanya kazi kwenye feri ya Luanda Kotieno, ambaye hakuwa ameonekana shuleni tangu mtoto wake aandikishwe, alikuja na wenzake watatu waliokuwa bado wamevaa makoti ya kazini. Niliwapokea kwa tabasamu huku nikihesabu. Saba zaidi. Na kumi na tatu mara ishirini na mbili ilikuwa mia mbili themanini na sita kamili, ile kamili niliyoiimbia.

Wali ulipoletwa nikachungulia ndani ya sufuria kubwa, na hapo ndipo nilipouona upumbavu wangu kwa ukamilifu. Ukoko. Kwenye majaribio tulikwangua visufuria vidogo mpaka punje ya mwisho na tukahesabu ukoko kama wali. Kwenye sufuria ya kuni ya watu mia tatu, ukoko hushika chini kama lami, hakuna mgeni anayepakuliwa huo. Mwalimu wa hesabu, na kamba zangu zote, nilikuwa nimesahau kitu ambacho kila mtoto wa darasani kwangu amewahi kukwangua nyumbani.

Wapakuaji wangu wawili walikuwa na vikombe na rula ya sentimita thelathini. Walijaza kikombe, wakakisawazisha juu kwa rula, wakamwaga kwenye sahani. Wageni walicheka mpaka machozi. Mwenye beseni la waridi alipakuliwa kikombe chake kimoja katikati, kikakaa humo kama kisiwa, naye akasimama akawaonyesha watu wote. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu safu.

Ya tano. Ya sita. Nikafumba macho. Nilipofumbua, walikuwa safu ya saba na kikombe kinaingia sufuriani na kutoka kimejaa. Ya nane. Ya tisa. Chifu na watu wake. Watu wa feri, kwenye sahani za shule. Wote. Mwalimu mkuu alinitazama kutoka meza kuu na kuinua kijiko chake. Nilimwinulia mkono, na sikuwa na habari hata kidogo imewezekanaje.

Yule msichana alikuwa amesimama kando ya sufuria, hajala. Alikuwa anaangalia getini. Nikatazama alikotazama.

Bibi alikuwa anapanda kilima polepole, kitambaa cha buluu kichwani, kitu cha duara kimefungwa kwenye leso chini ya kwapa. Hakuja kwenye viti. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye sufuria, akainama akaangalia ndani, akanusa.

"Nasikia nyinyi napika na njia yangu," akaniambia kwa Kiswahili chake. "Nakuja kuangalia kama naharibu."

Akafungua leso. Ndani mlikuwa na sahani ya bati, nyeupe, ukingo wa kijani. Akampa mjukuu wake.

Msichana akachukua kikombe. Kilijaa. Akapitisha rula juu, taratibu, na bibi akaiangalia ile rula, akaniangalia mimi, akaanza kucheka kicheko kirefu cha kifuani. Msichana akamwaga kikombe kwenye sahani. Halafu akakwangua pembezoni mwa sufuria na kuweka juu yake kila punje nyeupe iliyobaki, bila kupima.

Bibi akatembea mwenyewe mpaka safu ya saba, akawaambia watu wasogee, akakaa. Alikula wote. Mimi nilisimama nikimwangalia na machozi yalinitoka, na sikujali nani anaona. Alipomaliza aliuliza nani alipika, akaonyeshwa mpishi, akasema, "Chumvi, kidogo." Mpishi wetu hajamsamehe mpaka leo.

Nilikwenda jikoni kumuuliza huyo mpishi kumi na tatu zimetoshaje.

"Kumi na tatu gani?" akasema. "Mimi nimepika kumi na nne." Akaniletea daftari alilopelekewa asubuhi. Msichana wa mlangoni, alipotumwa kupeleka hesabu ya mchele, alikuwa amepeleka daftari lake. Kumi na nne kwa buluu, kumi na tatu kwa nyekundu. "Mwalimu, mimi nimepika hapa miaka mingi. Nikiona kumi na tatu na kumi na nne, mimi naenda na kumi na nne."

Nilimkuta msichana nyuma ya maabara, kwenye karai, akiosha sahani na wenzake na kuzipanga kwa alama zake. Nikakaa juu ya tofali. Nikafungua daftari kwenye ule ukurasa, nikaifuta alama yangu nyekundu kwa kalamu ile ile nyekundu, nikaandika chini yake, "Kosa ni la mwalimu," nikatia sahihi. Nikamwonyesha.

Akajipangusa mikono kwenye sketi akasoma. Akasoma tena.

"Sasa nimepata ngapi, Madam?"

"Kumi."

"Na zile mbili ulikuwa umetoa?"

"Ndizo hizo. Nane na mbili."

Akafikiri kidogo, akaona ni sawa, akarudi kwenye sahani zake. Nilikuwa nimeshainuka kwenda nilipomsikia akizihesabu kwa mara ya pili, akiweka moja juu ya nyingine. "Mia mbili themanini na tano," akasema. "Na sita." Halafu akaichukua ile ya ukingo wa kijani, akaikausha vizuri mbele na nyuma, akaiweka juu ya zote.

"Na saba."